Picha Iliyonyimwa Msumari

Safari hii sikuipanga. Jumatano saa nane mchana, siku tatu kabla ya maonyesho yangu ya kwanza maishani, seremala aitwaye Mutinda alipanda ngazi na nyundo mkononi, akaitazama picha yangu kubwa kuliko zote, kisha akashuka ngazi taratibu. "Mama, hiyo mimi siweki msumari," akasema. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Hiyo ndiyo sababu ya mimi, mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye magoti mabovu, kupanda pikapu na kwenda mpaka Masinga. Nawaandikia ninyi jamaa zangu wa Mombasa kwa sababu nasikia habari imekwisha kuwafikia huko, na imefika imeharibika.

Wengi wenu mwanikumbuka siku nilipotoka Majengo nikiwa bibi harusi wa Juma, mchora mabango, kuja kuishi Machakos. Juma alikuwa akichora mistari, mimi najaza rangi ndani ya herufi zake. Alipofariki nilishika brashi mwenyewe, maana watoto hawali matanga. Tangu hapo nimechora mabucha, saluni, vinu vya posho, mbao za nyuma za malori, na wachungaji wawili waliotaka nyuso zao zionekane nyembamba. Mjini hapa jina langu la kwetu wamelisahau kabisa. Waniita Mama Rangi.

Sasa, kila nilipotumwa kwenda kuchora mahali, njiani nilikuwa nikiona vitu, na nikirudi nyumbani navichora kwenye plaiwudi kwa rangi zilizobaki. Punda wa Mwala nikampa namba ya gari. Malori ya mawe ya Lukenya nikayapanga kama viberiti ndani ya kisanduku. Chupa za soda, makopo ya mafuta ya kupikia, vibao vya barabarani, yote hayo. Nilikuwa nayasimamisha nyuma ya kabati. Siku moja akaja binti mmoja, Mwende, aliyekuwa mwalimu wa sanaa kabla ya kukodi ghala la zamani la mahindi karibu na soko, akalipaka chokaa awe na ukumbi wa picha. Alitaka bango la mlangoni. Akaiona moja, akaomba ya pili, mwisho akaketi sakafuni akazitazama zote na chai ikapoa. Akaniambia ng'ambo wanaiita sanaa ya pop. Nikamwambia mimi naiita rangi zilizobaki.

Akachagua picha ishirini na mbili. Maonyesho akayapa jina Safari na Alama, akatuma kadi mpaka Nairobi, na juu ya kadi akaweka ile picha kubwa. Picha yenyewe ni hivi: miaka mingi nyuma, nikienda Masinga kuchora duka la samaki, niliona mzinga wa nyuki umetundikwa kwenye mgunga. Ubavuni mwake palikuwa na alama iliyochomwa kwa moto, upinde, mshale katikati, na nukta mbili pembeni. Ilinipendeza, nikainakili kwenye daftari. Nilipokuja kuichora niliirudia mara arubaini, safu kwa safu, kila moja na rangi yake, mfano wa soda zilizopangwa kwenye rafu ya kioski. Hiyo ndiyo Mutinda aliyoinyima msumari.

"Hiyo ni alama ya kwetu, Mama," akatueleza. "Iko kwa mizinga yetu, iko kwa ng'ombe yetu. Kitu iko na hiyo alama ni yetu. Ukiuza hiyo picha umeuza kitu ya watu."

Nilitaka kucheka. Lakini nilipomgeukia Mwende, ambaye ni Mkamba, nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, hii si mchezo," akasema. "Mtu hata akipata mzinga msituni, akiona alama ya wenyewe haugusi. Sasa hawa watu wakuje Jumamosi watoe picha kwa ukuta mbele ya wageni, si tumekwisha?" Akashauri tuiache ndani ya stoo. Nikamwambia picha hiyo ikikaa stoo na mimi nitakaa stoo nayo, afungue maonyesho peke yake. Nilisema kwa hasira, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Umri wote nimengoja mtu aziangalie kazi zangu, halafu siku inafika naitwa mwizi!

Mutinda akasema chuma cha kuchomea alama kiko kwa kaka yake, Kioko, huko Masinga, na ruhusa ni ya Kioko. Basi ikawa shauri la kwenda.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Machakos kwa pikapu ya Mwende. Baridi ilikuwa kali na ukungu umefunika vilima. Picha tuliizungushia mablanketi mawili tukaifunga kamba, na Mutinda akakaa nyuma kuishikilia isipigwe na upepo. Nikampigia kelele dirishani: "Msumari hutaki kuiwekea, lakini kuibeba wewe ndiye wa kwanza!" Akajibu kwamba lazima aiangalie, kwa sababu ni mali ya nyumbani. Mwende akacheka mpaka gari likayumba. Mimi sikucheka.

Mwala tulifika jua limeshaanza kuuma. Punda walikuwa wakivuta mikokoteni ya mitungi ya maji kutoka kwenye mchanga wa mto. Tukaingia kunywa chai na mandazi kwenye hoteli moja, na juu ya mlango nikaliona bango langu la zamani, herufi zimebanduka, kuku niliyemchora amebaki miguu tu. Nikamuuliza mwenye hoteli kwa nini hakuniita nimtengenezee. "Aah, Mama, watu wanajua hapa kuna kuku," akasema. "Hata hiyo miguu inatosha." Nikamwambia miguu hiyo yanitia aibu mimi, si yeye. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani ni wewe ulichora? Mimi nilidhani imekuja na nyumba."

Neno hilo lilinichoma kuliko chai. Nilirudi garini nimenuna.

Baada ya kuvuka Mto Athi tulipanda Yatta kwa njia ya vumbi jekundu. Mutinda tulimleta mbele tukabanana watatu, maana nyuma alikuwa amegeuka rangi kama tofali. Nilimuuliza lini mara ya mwisho alikwenda kwao. Akahesabu kwa vidole, akasema ni matanga ya baba yake, na siku hizi amekuwa mtu wa town, hata ng'ombe za kwao hazimjui. Nikaanza kufanya mazoezi ya kuomba radhi, kwa sauti. Ndugu zangu, mwanijua. Mimi kuomba radhi sikuzoea. Kila nikianza, "Bwana Kioko, nimekosa," maneno ya pili yanatoka, "lakini na ninyi alama nzuri vile mwaitundika barabarani kwa nini?" Mwende akaniambia, "Mama, hiyo ya pili uwache." Nikaahidi kuiacha.

Masinga tuliingia saa saba mchana. Boma la Kioko liko juu kidogo ya bwawa, mahindi machache, mbuzi wengi, nyavu zimeanikwa kwenye ua. Kioko ni mwanamume wa makamo, mrefu, wa maneno machache, na alimsalimu mdogo wake kama mtu aliyemwona jana. Tukapewa viti, tukapewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na haikuulizwa shida yetu mpaka sahani zikaondolewa. Kisha nikasimama nikasema. Nilikosa, sikujua, nimekuja kuomba ruhusa. Nilimaliza bila kuongeza lile la pili, Mwenyezi Mungu ni shahidi.

Tulipoifungua picha, Kioko aliinuka. Aliizunguka. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole, moja mpaka arubaini, akahesabu tena. Watoto wa boma walikuja kushangilia rangi, akawafukuza. Mwisho akasema, "Ni yetu. Inabaki hapa."

"Inabaki wapi?" nikamuuliza.

"Hapa kwa sitting room. Kalenda nitatoa." Akatuingiza ndani na picha, akatuonyesha ukuta wenyewe.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia nimekaa na plaiwudi ile miezi minne, mgongo umenipinda, alama yake ni upinde na mshale lakini mkono ni wangu, jicho ni langu, na rangi ya buluu ile nilichanganya mara saba. Akanijibu kwa upole, jambo lililonikera zaidi: "Mama, ng'ombe ikilishwa na jirani haiachi kuwa yangu. Asante kwa kulisha." Mwende alikuwa akinivuta kanga. Mutinda alitazama miguu yake. Nilijua kwamba tukirudi mikono mitupu, Jumamosi ukuta mkubwa utakuwa mtupu na kadi za watu zina picha isiyokuwepo, na nikasikia machozi yanakuja. Nikayakataza.

Wakati huohuo akaingia mama yao na beseni la samaki kichwani. Mama Kioko ni mzee kunishinda, lakini yule mwanamke hana goti bovu hata moja. Anakaanga samaki kwenye soko la bwawa, na sauti yake imezoea kushindana na soko. "Nimesikia kelele kutoka huko chini," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mwaitu," akajibu Kioko, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita mama. "Huyu Mama ametuletea alama yetu."

Akatua beseni, akafuta mikono, akainama mbele ya picha. Akatazama kidogo tu. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta. "Woi! Nyinyi wanaume mko na macho ya nini? Lete chuma."

Kioko akakitoa chuma kilipokuwa kimechomekwa, kwenye paa la jikoni, cheusi kwa moshi. Mama yake akakiweka juu ya alama mojawapo, ile ya manjano. Upinde ulilingana. Nukta zililingana. Mshale wa chuma ulikuwa umelala kuelekea kushoto. Wangu ulikuwa umesimama wima.

Nikafungua mkoba, nikatoa daftari langu la siku zile, nikautafuta ule ukurasa. Kumbe kwenye daftari mshale umelala vilevile! Mimi ndiye niliyeusimamisha. Nilipokuwa nachora, nilitoa uzi wa chaki na pimamaji, nikanyoosha kila kitu, kwa kuwa Juma alinifunza kwamba herufi iliyolala humfukuza mteja.

"Mbona uliusimamisha?" Mwende akauliza.

Nikasema kweli. "Nilidhani aliyechoma alikuwa na mkono mbovu."

"Mkono mbovu!" Kioko akaruka. Mama yake akacheka upya, safari hii machozi yakamtoka, na Mutinda naye akashindwa kujizuia.

Mama Kioko ndiye aliyetueleza. "Mimi niliolewa hapa msichana. Hiyo alama zamani ilikuwa upinde na hizo mbili tu. Mzee wangu na ndugu yake wakakosana kwa sababu ya mizinga. Wakagawa mizinga, wakagawa mbuzi, ile alama wakashindwa kugawa. Basi kila mtu akaongeza mshale. Wetu unalala huku. Wa ile nyumba ingine, pale ng'ambo ya kilima, unalala huko. Wa kusimama," akanielekezea kidole, "haujawahi kuwa wa mtu."

Kioko aliangalia kalenda yake, nayo ingali ukutani. Sikumwonea huruma hata chembe. Lakini yeye ni mtu wa haki, nimpe sifa yake. Alisema kama mshale uliosimama hauna mwenyewe, basi ni wa aliyeusimamisha, ila alama haichukuliwi hivihivi. Lazima nyumba ya pili waione waikane, na lazima ichomwe kwa kitu cha mwenyewe watu wakiona. La sivyo kesho atakuja Mutinda mwingine kukataa msumari. Mutinda akainamisha kichwa.

"Yangu?" nikamuuliza Mama Kioko, maana sikuamini. "Yaani yangu mimi? Mtu wa pwani?"

"Na mimi nilitoka wapi?" akanijibu. "Miaka hamsini napikia watu wa hii alama, hakuna siku walinichoma nayo. Chukua yako, dada. Umepata kwa mchezo, wengine hatujapata kwa kazi."

Tulilala hapo bomani, na Ijumaa asubuhi, baada ya uji, binamu wa ng'ambo ya kilima akaja, ameitwa na Kioko. Yeye na Kioko husalimiana matangani tu. Akasimama mbele ya picha na kofia mkononi, akatazama muda mrefu. "Si yetu," akasema. "Si yetu," Kioko akasema. Mwaitu wao akanong'ona sikioni mwangu kwamba tangu wazaliwe hilo ndilo neno la kwanza wamekubaliana.

Mutinda akageuza picha kifudifudi, akaonyesha ubao wa fremu. Chuma cha mshale wima hakikuwako popote, kwa hiyo walitia moto msumari mrefu, wakanipa niushike kwa koleo. Hapakuwa na uzi wa chaki wala pimamaji. Nikachoma upinde, mbao ikatoa moshi, nikachoma nukta moja, ya pili, na mwisho nikavuta mshale kwa pumzi moja. Ulisimama. Mama Kioko akapiga kigelegele, nami nikamjibu kwa kigelegele cha Mombasa, kirefu kushinda chake, mbuzi wakatawanyika. Nililia pale, wala siwafichi.

Saa nne tukaanza kurudi, na abiria ameongezeka. Mama Kioko alisema hajafika Machakos tangu mjukuu wake alipozaliwa hospitalini, na samaki wa Jumamosi wangengoja. Akaketi mbele kwa gauni lake la kanisani, na Mutinda akarudi nyuma kwenye vumbi. Njia nzima alitusimulia ugomvi wa mizinga. Machakos tuliingia alasiri. Mutinda hakwenda hata kunawa. Alipanda ngazi na vumbi lake lote, akapiga msumari kwa mapigo manne, akaitundika, akashuka akaitazama. Pimamaji nilimkataza asiitumie. Akasema haikuwa na haja.

Jumamosi saa nane milango ilifunguliwa. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje barabarani! Walikuja wenye mabucha, walikuja wasusi wa saluni nilizozichora, utingo wa malori, masista wa misheni, na wageni wa Nairobi wenye miwani. Wenye mabucha walisimama mbele ya picha moja ya ng'ombe wa mabango yao wakabishana ng'ombe yupi ni wa nani. Mama mmoja, msimamizi wa ukumbi mkubwa wa sanaa huko Nairobi, alikaa mbele ya ile alama arubaini nusu saa nzima. Mama Kioko alikuwa pembeni yake, amejipa kazi ya ulinzi bila kuombwa. Yule mgeni alipouliza ni alama ya ukoo gani, Mama Kioko akamjibu kwa sauti ya sokoni, ukumbi mzima ukasikia: "Hiyo haina ukoo. Hiyo ni ya Mama Rangi, na mashahidi tuko!" Watu wakapiga makofi. Kabla jua halijashuka yule msimamizi alishaandikiana na Mwende kuzichukua picha zote ishirini na mbili kwenda kuonyeshwa Nairobi, na Mwende alikuwa akikimbia huku na huku akicheka peke yake.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia kwamba nilijifunza kuogopa vitu vya watu nisivyovielewa, hata vikiwa vizuri. Katika daftari langu sasa kila alama ina jina la mtu niliyemuuliza. Na nilijifunza jambo jingine ambalo lilinichukua mpaka Jumatatu kulielewa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa juu ya ngazi kama kawaida, naupa uhai upya ukuta wa bucha moja karibu na stendi. Nilimaliza ng'ombe, nikamaliza jina la mwenye bucha, kisha nikaweka ile alama chini pembeni, ndogo, kwa rangi nyekundu iliyobaki. Mwenye bucha akatoka na kisu chake.

"Mama Rangi, na hiyo ya hapo chini ni ya nini? Mimi nilisema ng'ombe na jina peke yake."

"Ng'ombe ni wako na jina ni lako," nikamwambia. "Hiyo ni yangu."

"Na miaka hii yote hukuwa unaweka?"

"Miaka hii yote sikuwa nayo."

Akasogea nyuma mpaka katikati ya barabara, akaitazama kichwa upande. Nikajiandaa kugombana, na maneno nilikuwa nayo tele. Akasema, "Basi kuza kidogo. Hivyo inakaa kama ni brashi iliteleza."

Nikaikuza.